Hiyo Virusi ya Mama Kahawa

Leo nina hasira, na nitaimaliza hapa hapa. Benchi yetu iko Isebania, kando ya pale malori hupanga laini kungoja kuvuka Sirare kuingia Tanzania. Mimi hushona viatu kwenye ncha ya hiyo benchi. Jina ni Mniko, lakini watu huniita Msumari. Anayenibana pembeni ni Dokta, yaani Maurice, ambaye hajawahi kutibu mtu. Anauza dawa za ng'ombe. Halafu kuna Governor, yaani Clifford wa bodaboda, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata na abiria. Hatua kumi kutoka kwetu hukaa Hadiya na birika lake la kahawa ya tangawizi. Alitoka pwani, na miaka mitatu sasa ndiye anatuamsha. Lakini leo ni siku ya nne birika limejaa na hakuna anayekunywa, kwa sababu ya vitu vimemtoka kwenye vidole, vigumu, vya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mwenyewe huviita chunjua. Dokta ana jina lake.

— Huyo mama ana virusi, Dokta akaanza tena. Nilisikia na masikio yangu. Jumatatu ametoka kliniki, nikamuuliza wamesema nini, akaniambia, "Wamesema ni virusi..." Halafu lori likapiga honi.

— Halafu?

— Halafu nini, Msumari? Ulitaka niongezewe nini tena?

Huku kwetu, kutoka Homa Bay mpaka hapa mpakani, hilo neno lina maana moja tu. Ukisema mtu ana virusi, hakuna anayeuliza ni ya nini. Tumezika watu wengi sana, na wengine wetu tunameza dawa kila siku na tunajificha tukizimeza. Kwa hivyo Dokta akisema, watu wananyamaza na kusogea mbali. Hivyo ndivyo mama wa watu alipoteza wateja asubuhi moja.

— Mimi sikubali ni virusi, Governor akasema. Huyo alinyooshea malenge kidole kwa shamba ya watu, na ukifanya hivyo vidole huota vitu.

— Zimetoka vidole vinne, Governor, nikamwambia.

— Si malenge ilikuwa nne!

— Malenge gani, omera, ndugu yangu! Dokta akaruka. Huyu ameshika mikono ya madereva wa Zambia, wa Kongo, wa wapi sijui. Kila nchi imemgonga muhuri kwa ngozi. Hiyo ni passport, si mkono.

Wakacheka, yawa. Hadiya yuko pale, anasikia kila neno, anapuliza makaa. Nikashika nyundo, nikajiambia, Mniko, piga kiatu, usipige mtu.

— Na dawa ni rahisi, Governor akaendelea. Maji ya betri. Mimi nilikuwa na kama hiyo kwa dole gumba, nikapaka maji ya betri ya lori. Ikaisha.

— Lete hicho kidole tuone, nikamwambia.

Akaleta. Kuna shimo ungeweza kuweka punje ya mahindi, na ukucha umekufa.

— Si unaona imeisha?

— Hata kidole kimeisha, mjinga wewe! Na kama wewe ulikuwa nayo, kwani wewe pia ulikuwa na virusi?

— Wacha hiyo story. Yangu ilikuwa ya kushika chura.

— Fahali mmoja wa Ogwedhi alikuwa nazo shingo nzima, Dokta akaingilia. Nilifunga kila moja na uzi wa gunia mpaka zikaanguka.

— Na fahali?

— Aliuzwa. Lakini sikieni, hii si mchezo. Leo jioni naenda kwa chifu. Huyo mama aondolewe hapa kabla hajatumaliza. Nani anaweka jina?

— Mimi, Governor akasema.

Wakaniangalia. Hapo damu ikapanda.

— Siweki! Mnataka kumnyima mtu chakula kwa sababu ya honi ya lori? Hamna haya? Dokta, wewe ng'ombe ndio wanakuita dokta!

— Wacha kelele, Msumari. Kahawa yako ulimwagia wapi Jumanne?

Nikainamia kiatu. Maana ni kweli. Jumanne nilipokea kikombe, nikangoja Hadiya ageuke, nikamwaga chini ya benchi. Hakuwa amegeuka vizuri. Aliona, akachukua kikombe akakiosha, hakusema kitu. Tangu hiyo siku nimekuwa nikigombana na kila mtu.

Ndipo akaja mwanamke na sandali imekatika kamba. Alisema anaitwa Rispa, anangoja gari ya Ntimaru, nimshonee haraka. Akakaa, akavuta hewa.

— Hiyo tangawizi inanukia vizuri. Mbona hamnywi?

— Madam, usiguse, Dokta akamnong'oneza. Huyo ana virusi.

— Virusi gani?

Dokta akamwangalia Governor. Governor akaangalia pikipiki yake. Mimi nikatafuta msumari mdomoni na hakukuwa na msumari.

— Nauliza, ni virusi gani? Hata homa ya mafua ni virusi.

Akaona sisi ni bure. Akaenda mguu mmoja peku, hatua kumi zile zile.

— Mama, shikamoo. Hawa wanaume wanasema una virusi. Ni ya nini?

Hadiya akaweka kipepeo cha jiko chini.

— Marahaba, mwanangu. Ni ya ngozi. Daktari kaniambia chunjua zaletwa na virusi vya ngozi, vyaingia penye mkwaruzo. Kanipa dawa ya kupaka. Kila usiku naloweka vidole kwa maji ya vuguvugu, nasugua pole pole, napaka hapo penyewe tu, nafunga plasta. Nisikate, nisichokoe, taulo yangu iwe yangu. Yaweza kuchukua miezi mitatu. Na nyingi hata ukiziacha huondoka zenyewe.

Halafu akainua sauti, na mimi sijawahi kumsikia akiinua sauti.

— Na ingekuwa ile nyingine mnayoiogopa, kahawa yangu ingewaua vipi? Eh? Siku nne nimekaa hapa na plasta mkononi. Hatua kumi! Hata mmoja wenu alikosa miguu ya kuja kuniuliza ni virusi gani?

Hadiya akammiminia Rispa kikombe kimoja. Halafu akainua birika lote, akalimwaga kwenye mtaro, mbele yetu, pole pole mpaka tone la mwisho. Tangawizi ikanukia barabara nzima.

Rispa akarudi na kikombe chake, akakaa, akanywa. Mimi nikashona bila kuinua kichwa. Nilimsikia Governor akiita, "Mama, ngoja nikubebe bure!" na nilimsikia Hadiya akisimamisha bodaboda nyingine. Nilipomaliza kamba na kuinua macho, jiko halikuwepo, wala birika, wala kigoda.

— Atarudi kesho, Dokta akasema. Ni hasira tu.

— Amesema harudi, Rispa akamjibu. Akageuza kile kikombe kidogo mkononi, kina ua jekundu ubavuni. Aki, nimebaki na kikombe chake. Nyinyi ni wateja wake wa miaka yote, si ndio? Anakaa wapi nimpelekee?

Nilimwangalia Dokta. Dokta akamwangalia Governor.

— Plot gani tu, nielekezeni. Jina la mtaa.

Miaka mitatu. Nikamrudishia sandali yake, nikakataa malipo, na bado alikuwa amesimama pale na kikombe, anangoja tumjibu.