Karatasi ya Kushuka ya Hirabayashi Katsunori

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hekaluni kwetu hapa Omachi asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 26 Aprili 2025, mimi ni Yoshito, mdogo wake Katsunori, mkulima wa matufaha, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, na kabla sijaanza naomba radhi kwa zile buti zenye matope zilizokaa mlangoni katikati ya viatu vyenu vyeusi vilivyopigwa rangi, najua mmeziona maana nimewaona mkizikwepa, zina mwenyewe na zina sababu, mtaijua kabla sijakaa.

Jambo la pili mnalolijua wote, na wengine mmeniuliza hata leo wakati wa kufukiza ubani, ni ile safari ya tarehe 24 Mei, wageni wanane wameshajiandikisha, baiskeli zimetiwa mafuta, mitumbwi imeshushwa darini, na tangu kaka alazwe swali nyumbani kwetu limekuwa moja tu, nani atawaongoza, au tuwaandikie barua kwamba safari ya siku tano ya Maziwa Matatu imekufa na mwenyewe. Naomba mlishike swali hilo mkononi ninaposoma.

Kaka alizaliwa tarehe 18 Januari 1958, mtoto wa kwanza wa mzee Hirabayashi Toyokichi na mama Kinu, katika nyumba ileile iliyo kando ya Ziwa Kizaki, siku ambayo theluji ilifunika madirisha ya chini, hata mkunga akaingilia dirisha la ghorofani akiwa na ngazi ya kuchumia matufaha, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto aliyepokelewa na mtu wa kupanda ngazi asingetulia chini maisha yake yote, na hakutulia.

Alianza shule ya msingi Aprili 1964, akamaliza sekondari ya ufundi hapa Omachi Machi 1976, na katika miaka yote kumi na miwili hakuwahi kushika nafasi ya kwanza katika jambo lolote isipokuwa kuogelea na kuchelewa, kwa sababu alikuwa anapitia ziwani asubuhi, anafika darasani nywele zinadondosha maji, na mimi niliyekuwa nyuma yake miaka mitatu nikawa napokelewa na kila mwalimu kwa maneno yaleyale, "Wewe ni mdogo wake yule? Haya, kaa mbele."

Aprili hiyohiyo ya 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha kufuma hapa mjini, akawa fundi wa mashine, wiki nzima yuko kwenye kelele, Jumapili yuko mlimani, na hapo nafika mahali ambapo kaka mwenyewe aliniagiza nisipite haraka.

Mwezi wa Februari mwaka huu aliniita kitandani kwake, akaniambia nichukue kalamu, akaanza kunitajia jambo la mwaka 1984, kisha akasema, "Hili utalisoma mbele ya watu wote, hasa mbele ya Mizuho." Mizuho ni binti yake wa pekee, na saa hiyo alikuwa chumba cha pili anamenya tufaha. Nikamwambia, "Si umwite umwambie mwenyewe? Yupo hapo, hatua sita." Akasema, "Naona haya." Nikamwambia, "Mtu wa miaka sitini na saba unaona haya!" Akanijibu, "Ndiyo maana nakupa wewe, wewe huna."

Basi jambo lenyewe ni hili. Nyote mnalijua sanduku la mbao mwanzoni mwa njia ya Mlima Jii, ukipanda unaacha karatasi ya kupanda, jina, njia na saa ya kurudi, ukirudi unaacha karatasi ya kushuka, na isipoonekana, watu wanaacha kazi zao wanaingia mlimani kukutafuta. Jumapili tarehe 14 Oktoba 1984 kaka alipanda peke yake, karatasi ya kupanda akaiacha, lakini njaa ikamshika kileleni, akashukia njia ya upande wa pili iliyo karibu na bafu la chemchemi ya moto, akaoga, akala tambi bakuli tatu, akalala kwa rafiki yake usingizi wa pono, karatasi ya kushuka haikumpitia kichwani hata mara moja.

Kesho yake, katikati ya mavuno ya mpunga, na mvua ikikaribia, watu ishirini na mmoja waliacha mashamba yao wakaingia mlimani kumtafuta, kiongozi wao mzee Denjiro, na binti yake Denjiro, Sumie, akabaki chini kwenye turubai anawafungia watafutaji matonge ya wali. Saa tisa alasiri kaka akapita pale na baiskeli ya kuazima kwa rafiki yake, mashavu mekundu kwa maji ya moto, akaona watu wamejaa, akauliza kwa huruma kabisa, "Jamani, nani amepotea?" Sumie akadhani ni mtafutaji aliyechelewa kufika, akampa tonge, akala, akampa la pili, akala, na akiwa anafunga kamba za viatu ili naye aende kusaidia, mzee Denjiro akashuka amelowa mpaka kifuani, akasoma kwa sauti jina lililokuwa kwenye karatasi, Hirabayashi Katsunori. Tonge likamkwama kooni, na aliyempiga mgongoni mpaka likatoka ni Sumie huyuhuyu mnayemwona hapa mbele.

Juma lile lote kaka alizunguka nyumba ishirini na moja na maboksi ya keki za maharage, mlango kwa mlango, kuinamisha kichwa na kuomba radhi, na siku mbili alivuna mpunga wa watu wasioweza kumaliza kwa sababu yake. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee Denjiro, aliyefungua ni Sumie, akamwambia, "Ah, ni wewe uliyekula chakula cha kukutafutia." Kaka akasema ndiyo, na kilikuwa na chumvi ya kutosha. Wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 3 Mei 1986 katika ukumbi wa kijiji, na mzee Denjiro alitoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba jambo lile lisisemwe tena, maana hakutaka mkwewe awe kichekesho, na waliolijua wakanyamaza, wengi wao sasa wametangulia.

Tarehe 9 Septemba 1989 akazaliwa Mizuho, na Juni 1991 kaka akaacha kiwanda, baba yetu akiwa amenuna miezi mitatu, akaanzisha Safari za Maziwa Matatu, siku ya kwanza baiskeli kuzunguka Kizaki na Nakatsuna, siku ya pili mitumbwi katika Ziwa Aoki, siku ya tatu na ya nne Mlima Jii na kulala kwenye kibanda cha juu, siku ya tano kushuka na kuoga. Aliongoza safari zaidi ya mia mbili, walimu wastaafu, wachumba, wafanyakazi wa benki wenye miguu laini, bibi mmoja wa miaka themanini na mmoja aliyemshinda kwa kasia, na wote walifundishwa maneno yaleyale wakayasema kwa pamoja pale kwenye sanduku, "Karatasi kwanza, bafu baadaye!" Mji mzima ulimcheka kwa ukali wake juu ya karatasi, na watu wachache tuliojua ulikotoka tuliangalia pembeni.

Mizuho alianza kuongoza naye mwaka 2012, na nasema bila kupendelea kwamba alimpita baba yake, kwa sababu yeye husikiliza. Jumamosi tarehe 22 Septemba 2018, wazazi wake wakiwa harusini Niigata, alishuka na wageni sita, mmoja goti limevimba, akamkimbiza zahanati, simu imekwisha chaji, na karatasi akaisahau mfukoni. Saa kumi na mbili jioni mlinzi wa njia akapiga simu, hakuna jibu, watu wakapanda kwenye mvua ya baridi, na mzee Koike Masaru, ambaye yupo hapa mstari wa mbele na fimbo yake, akateleza akavunjika paja. Kesho yake kaka alirudi, akamkemea binti yake palepale kwenye maegesho, mbele ya watu wote, akasema, "Asiyekumbuka karatasi si kiongozi, ni mtalii."

Mzee Koike mwenyewe alimwambia Mizuho hospitalini, "Mguu nimevunja mimi, mwanangu, wewe ulikosa karatasi tu," lakini maneno ya baba yake ndiyo yaliyomkaa moyoni, akahamia Matsumoto, akakaa ofisi ya bima miaka sita na nusu anahesabu madai ya watu walioibiwa magari, akija nyumbani Mwaka Mpya anakaa amegeuzia mlima mgongo. Kaka alikuwa na maneno ya kumrudisha, yalikuwa kinywani mwake miaka yote hiyo, na hakuyatoa. Na mimi nilikuwa nayo, na sikuyatoa pia, nikijidanganya kwamba nalinda sharti la mzee Denjiro, kumbe naogopa ugomvi wa kaka. Mizuho, hapa mbele ya watu nainamisha kichwa, nisamehe.

Ugonjwa uligunduliwa Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, saratani ya kongosho, madaktari hawakumficha, naye hakuwasumbua, aliuliza tu kama atafika Mei, wakasema pengine hapana, akasema basi atajitahidi Aprili. Mizuho akaomba likizo ndefu akaja kumuuguza, wakazungumza habari za matufaha, za hali ya hewa, za paka. Sumie akawa anamwambia, "Waandikie wageni wa Mei, wewe, watu wanapanga kazi zao," na yeye kila mara, "Ngoja kidogo." Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 22 Aprili, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kitanda kimegeuzwa kuelekea dirishani, kwenye mteremko wa Jii yule babu mpanzi, umbo la mzee anayemwaga mbegu ambalo theluji huchora kila masika ikiyeyuka, ameanza kuonekana begani mwa mlima, na Sumie alimwambia, "Tazama, babu ametoka, ni wakati wa kupanda mbegu," naye akatazama.

Sasa kaka aliniagiza jambo la 1984 Mizuho alisikie hapa kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi, lakini sijawahi kumtii tangu nizaliwe na sikuona sababu ya kuanza juzi. Alhamisi mchana nilimkuta bandani anafuta makasia, nikamweleza yote. Akauliza, "Alikula matonge mangapi?" Nikasema mawili. "Ya plamu chachu au ya samaki?" Nikasema muulize mama yako. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka, akaninyooshea kasia, akasema, "Miaka sita na nusu, baba mdogo! Kaniita mtalii, yeye kala chakula cha watu waliomtafuta! Na wewe ulikuwa unajua!" Akalia sana, na mimi nikalia, paka akatukimbia. Alipotulia nikampa bahasha aliyoiacha baba yake, ndani yake karatasi mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokuja mpaka nyumbani katika theluji, majirani waliosafisha njia yetu majira yote ya baridi bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani, mwenye kibanda cha juu ya Jii, kikundi cha waokoaji, akina mama waliopika tangu jana, na kasisi wetu aliyekubali nisome maneno marefu kuliko sala zake.

Sasa karatasi. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya kupanda ya tarehe 24 Mei, njia imeandikwa, wageni wanane wameandikwa, nafasi ya kiongozi kaiacha wazi, na ya mtu wa kupigiwa simu kaiacha wazi. Jana mchana zilijazwa, nasoma kama zilivyo, kiongozi, Hirabayashi Mizuho, mtu wa kupigiwa simu, Koike Masaru, ambaye alipoombwa alisema sharti lake ni kwamba matonge ya wali safari hii ayale yeye.

Ya pili ni karatasi ya kushuka. Leo saa kumi na moja alfajiri Mizuho aliendesha gari mpaka mwanzo wa njia, theluji bado ipo, akaitia sandukuni, akarudi mbio asichelewe kwa baba yake, hakupata muda wa kubadili viatu, na zile buti ni zake. Mimi nilinakili kabla hajaondoka. Jina, Hirabayashi Katsunori. Umri, sitini na saba. Waliopanda, mmoja. Walioshuka, mmoja. Saa ya kushuka hakuijua, kaijaza Sumie kwa mkono wake, kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Maelezo mengine, "Nimeshuka salama, msitume watu kunitafuta, na poleni kwa ile mara ya kwanza."

Karatasi imefika, kaka, sasa ruksa kuoga. Vua buti, upumzike kwa amani.