Daktari Ngoja na Chanjo Aliyoikataa

Ndugu, jamaa na marafiki, mtu tunayemzika leo alichukia kusifiwa kwa mambo asiyoyafanya. Kwa hiyo familia imekubaliana kuandika yale yaliyotokea tu, bila kutia chumvi.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi mwashi na mkewe, aliyekuwa akifua sare za wauguzi wa hospitali hiyohiyo. Walikaa vyumba viwili nyuma ya stoo ya saruji, na mama yao alisema mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu alijua kupiga chafya kabla hajajua kulia.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1965, na hakuwa hodari. Darasa la saba alilirudia, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwatangazia wanafunzi aliowafundisha baadaye maabara kila mwaka mpya wa masomo, ili asiwepo wa kumpamba. Mwaka 1973 aliingia sekondari. Alipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia alileta hadubini moja kwa darasa zima, akaweka chini yake tone la damu ya mgonjwa wa malaria, na kila mwanafunzi akaruhusiwa kuchungulia mara moja. Marehemu aliinama, akaganda.

"Inatosha, toka. Wenzako wako kwenye foleni," mwalimu alimwambia.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Humu ndani kuna kitu kama pete."

"Usipotoka, wewe utavaa bakora!"

Darasa lilicheka, na jina likamganda. Akawa Ngoja Kwanza hadi chuo kikuu, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1982 na ya uzamivu mwaka 1989. Kazini walilifupisha wakamwita Daktari Ngoja.

Aliajiriwa Machi 1983 katika taasisi ya utafiti wa malaria, na hakuhama hapo maisha yake yote. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulea vimelea. Vimelea vya malaria haviishi kwenye maji matupu. Vinataka damu ya mtu na joto la mwili wa mtu, na kila siku lazima vibadilishiwe chakula, iwe sikukuu au msiba. Chumba chake kilikuwa na kabati la joto lililokuwa likinguruma mchana kutwa, meza ya vigae iliyonukia spiriti, na kigoda kimoja ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia.

Ndoa alifunga Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985, na fundi cherehani aliyemfahamu alipompelekea koti la maabara lililoliwa na tindikali. "Baba, hili limeshakufa," binti huyo fundi alimwambia, "wewe unataka nilifufue." Marehemu alirudi wiki iliyofuata na koti jingine, na wiki iliyofuata tena, mpaka binti akamwuliza kama makoti anayatoboa kwa makusudi. Asubuhi ya harusi bwana harusi hakuonekana. Alikutwa maabara, suti mwilini, glavu mikononi, akivilisha vimelea vyake. Baba mkwe alisema mbele ya watu wote, "Huyu anamwoa binti yangu au anaoa mbu?" Hata hivyo ndoa ilifungwa, na haikuwahi kutetereka kwa miaka thelathini na minane.

Sasa tulieleze jambo ambalo wengi walilisikia nusunusu.

Baada ya miaka mingi ya kuchunguza kwa nini watu waliougua malaria mara kwa mara hupata kinga fulani, marehemu na wenzake walitengeneza chanjo. Mwaka 2012 ilijaribiwa kwa watu wazima waliojitolea. Walichanjwa, kisha damu yao ikachukuliwa, na majimaji yake yakatiwa kwenye chupa za vimelea. Vimelea vilikufa katika karibu kila chupa. Taasisi nzima ilishangilia. Mkurugenzi akaita waandishi wa habari.

Marehemu alikaa kwenye kigoda chake akatazama upya. Alichokiona hakikumpendeza. Kinga ya kweli hufanya kazi kama bawabu: hukizuia kimelea mlangoni, kisiingie kwenye chembe ya damu. Kimelea kilichokwisha kuingia, bawabu hakifikii. Lakini hivi vilikuwa vimesinyaa humohumo ndani. Hiyo haikuwa kazi ya kinga. Ilikuwa kazi ya dawa.

Alikwenda kwa mkurugenzi akamwomba asitishe tangazo.

"Daktari, waandishi wako njiani. Viti vimeshakodiwa."

"Si mbaya, watavikalia."

"Na mimi niwaambie nini?"

"Waambie hatujui."

"Miaka ishirini na tisa unasoma, halafu hatujui?"

"Ndiyo maana bado nasoma, mkuu."

Msaidizi wake wa maabara, dada mmoja asiye na maneno mengi, aliyaosha majimaji yale ili kuondoa dawa yoyote na kubakiza kinga peke yake. Katika chupa nyingi vimelea vilistawi kama kawaida; katika chache tu vilizuiwa mlangoni. Kwa hiyo marehemu aliwaita wote waliojitolea katika ukumbi wa kliniki, wakakaa kwenye mabenchi, akawauliza nani alimeza dawa ya malaria bila kuugua. Hatimaye mama mmoja muuza mikoba, ambaye ndiye aliyewashawishi wenzake wengi kujitolea, akainua mkono.

"Mwanangu, tukisema, hutakasirika?"

"Nitakasirika, mama. Lakini semeni."

Watu wakacheka, na mama akapata nguvu. "Tulimwona yule mkubwa wako anavyokubana. Kila mmoja wetu akipata homa, mkubwa huyo anakuna kichwa. Tukasema, hapana, huyu kijana wetu asiaibike. Tukanunua vidonge duka la dawa, tukagawana kama pipi."

"Mama, mmenipenda vibaya."

"Tumekupenda tunavyojua, baba."

Hakumfokea mtu. Alirudi taasisini, akaandika taarifa fupi kwamba jaribio halikuthibitisha lolote, akatia sahihi yake peke yake. Wafadhili waliondoka. Wenzake wengine walikaa mwaka mzima bila kumpa salamu, na kuna waliosema wazi kwamba angeweza kunyamaza tu, kwani nani angejua? Familia inataka vijana waliopo hapa wasikie jawabu lake: "Mtoto atakayechanjwa angejua, siku ya homa." Kusema kweli wakati haikugharimu kitu si uadilifu. Yeye aliisema ilipomgharimu karibu kila kitu, na nyumbani hakulalamika, ila alipoteza hamu ya kula kwa muda mrefu.

Alistaafu mwaka 2017, lakini taasisi ilimwachia kigoda chake. Mwaka 2019 wafadhili wapya walikubali jaribio la pili, kubwa zaidi, nusu ya watu wakipewa chanjo na nusu wakipewa sindano isiyo na kitu, bila yeyote kujua nani kapata nini mpaka mwisho. Muuza mikoba ndiye aliyezunguka mtaa kwa mtaa kutafuta watu. Alikuwa akiwaambia, "Atakayemeza kidonge kwa siri, mimi na yeye!"

Januari 2022 marehemu alianza kuumwa tumbo. Alikutwa na saratani ya ini. Alipokea habari hiyo kwa utulivu uliowashangaza madaktari wake. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kingine, na alimwambia mkewe waziwazi: "Nikiondoka kabla sijajua, nitakuwa nimewatoa watu damu miaka yote hii bila kujua kama ni bure."

"Basi kula," mkewe alimjibu. "Asiyekula hangojei majibu."

Akala. Familia nzima ilimwona akimeza uji kwa shida, kijiko baada ya kijiko, kama mtu anayefanya kazi ya kuajiriwa.

Tarehe 20 Februari 2024, siku moja baada ya majibu ya jaribio kufunguliwa, msaidizi wake aliingia katika wodi alikolazwa marehemu, akiwa bado amevaa koti la kazi. Marehemu hakumwacha hata akae.

"Majimaji mmeyaosha?"

"Tumeyaosha, Daktari."

"Watu wamepimwa dawa?"

"Wote. Hakuna aliyemeza."

"Vimezuiwa wapi?"

"Mlangoni."

"Na watu wenyewe?"

"Waliochanjwa, zaidi ya nusu wamekingwa. Si wote."

"Si wote," alirudia. "Sawa. Hiyo naiamini."

Alifunika uso kwa mikono yake, na mabega yakatikisika. Kisha akaomba chai, akainywa yote, akalala usingizi mzito hata nesi akaingiwa na wasiwasi, akaja kumpima mapigo ya moyo mara mbili. Mgonjwa alikuwa anakoroma.

Baadaye muuza mikoba alikuja kumwona, akainama kando ya kitanda. "Safari hii hatukumeza kitu, mwanangu."

"Najua, mama. Mlipimwa."

Walicheka wote wawili mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba aelezwe na yeye.

Kuanzia hapo hakusumbuka tena. Maumivu yalikuwepo, lakini hofu ilikuwa imemtoka. Alifariki dunia nyumbani kwake Jumatano, tarehe 15 Mei 2024, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 67, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada wawili na mdogo wake wa mwisho. Ameacha pia msaidizi wake, ambaye leo asubuhi alichelewa kufika hapa kwa sababu vimelea vilikuwa havijalishwa, na familia inamwambia hana haja ya kuomba radhi.

Tunalia kwa kuwa tumempoteza, lakini mioyo yetu imetulia, kwa sababu jambo alilolitafuta alilipata, na alilipata kwa haki. Mwenyezi Mungu ampokee na ampe pumziko jema. Amekwenda akijua.