Mwoga wa Chumba cha Juu: Maisha ya Kocha Lucious Emmett Pettway, 1958–2024

Mchungaji Purifoy, wazee wa kanisa, wafiwa wenzangu, na ninyi nyote mliosafiri kutoka Mississippi na Georgia kuja kutusitiri, mimi ni Verdell Pettway Crume, dada mkubwa wa marehemu, na familia imeniomba nisome maisha yake kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki kati ya waliomwona akizaliwa. Wapo waliotaka nilifute neno moja katika karatasi hii, nami nimekataa, kwa hiyo nalisema mapema ili tuzoeane nalo: ndugu yangu alikuwa mwoga.

Kocha Lucious Emmett Pettway alizaliwa Jumapili tarehe 9 Februari 1958, hapa hapa Carrow's Landing, Alabama, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa marehemu Mzee Emmett Pettway, mpasua mbao wa kiwandani, na marehemu Mama Arletha, ambaye wengi wenu mmekula mkate wake wa mahindi. Aliogopa radi, aliogopa nyigu, aliogopa maji ya mto hata yanayoishia magotini, na siku ya ubatizo wake, Pasaka ya mwaka 1967, alimng'ang'ania mchungaji shingoni kwa nguvu hata wakazama wote wawili, kanisa zima likaangua kicheko, na baba akasema, "Mwacheni, kunguru mwoga hukimbiza bawa lake."

Alianza shule ya msingi ya Carrow's Landing Septemba 1964, akaingia sekondari ya kaunti mwaka 1972, na huko ndiko alikoanza mpira wetu huu wa helmeti, akiwekwa kuwa mrushaji, yaani yule kijana anayepokea mpira nyuma ya walinzi wake na kuutupa kwa mwenzake kabla majitu ya upande wa pili hayajamfikia na kumwangusha. Watu walishangaa mbona haangushwi, na mwalimu wake wa michezo alikuwa akisema, "Huyu mtoto anaachia mpira utadhani ameshika kaa la moto," wala hakujua kwamba hicho hakikuwa kipaji bali hofu tupu, maana Lucious mwenyewe aliniambia kwamba kila alipopokea mpira alisikia miguu ya mtu nyuma yake, hata kama hakuna mtu. Hofu hiyo ilimpeleka Chuo cha Ambrose mwaka 1976 bila kulipa ada, naye akahitimu shahada ya hisabati tarehe 17 Mei 1980, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho.

Alifundisha hisabati sekondari kwa miaka sita, na mwaka 1986 akaitwa Chuo cha Dunmore, Mississippi, kuwa kocha msaidizi. Tarehe 20 Juni 1987 alifunga ndoa na Bi Ozella Mims, ambaye ameketi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Renita, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 1988, na Tavares, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1995. Alipomposa Ozella aliogopa kuongea, akamwandikia kwenye karatasi na kumpa mjomba wake apeleke, na Ozella akajibu mbele za watu, "Mwambieni mwenye maandishi aje na mdomo wake," akaja, akatetemeka, akakubaliwa.

Mwaka 1989 Dunmore walimpandisha kuwa mratibu wa mashambulizi, na kazi hiyo, kwa ninyi mliokuwa mkimwona kwa mbali nyuma ya kioo, ni ya kukaa chumba cha juu cha uwanja, hedfoni masikioni, na kuchagua kila mbinu ambayo vijana wataicheza kule chini, ukiwa na sekunde chache tu za kuamua, na ukikosea si wewe unayeumia. Jumamosi tarehe 14 Oktoba mwaka huo aliita mbinu ya kurusha mbali, ambayo humtaka mrushaji asimame na kungoja, na kijana mmoja wa miaka ishirini, Alvis Tubbs, akasimama na kungoja kama alivyoagizwa, akapigwa kwa nyuma, akaanguka, asitembee tena. Lucious aliona yote kutoka juu, na wakati kijana yule bado amelala chini, sauti ya kocha mkuu ikaja masikioni mwake, "Pettway, tunaanza tena, nipe mbinu," naye akampa, na siku hiyo Dunmore walishinda.

Sijawahi kumwona mtu akiogopa ushindi kama alivyouogopa ule. Wiki iliyofuata alikwenda hospitalini na maua, na mama yake Alvis, marehemu Bi Earline Tubbs, akamwambia, "Maua yako yarudishe, Kocha, vuta kiti, umlishe," akavuta kiti, akamlisha mchuzi kwa kijiko, na kila Februari, msimu ukiwa umekwisha, alikwenda kumlisha, mpaka Alvis alipofariki tarehe 6 Mei 1998.

Tangu hapo hakuandika mbinu isiyo na kile alichokiita mlango, yaani mtu wa karibu wa kutupiwa mpira au upande wa kukimbilia mambo yakiharibika, na kila Ijumaa aliwaketisha warushaji wake, akawachorea mbinu moja moja ubaoni na kuwauliza, "Mlango uko wapi?" na asiyeujua hakucheza kesho yake, hata awe nyota wa timu. Mashabiki hawakumpenda kwa hilo. Walitaka mpira uruke mbali, walipe kiingilio waone moto, wakawa wanamwimbia kutoka majukwaani, "Rusha mbali, mwoga wewe, rusha mbali!" na mjini Tarrow, alikohamia baadaye, timu yake ilipofungwa michezo mitatu mfululizo, walimchomekea uani bango la kwamba nyumba inauzwa, na Ozella akatoka na taulo kichwani, akawaambia, "Mmeipangia bei gani? Maana sisi wenyewe ni wapangaji."

Alifanya kazi katika vyuo vitano na kufukuzwa na vyote vitano, jambo ambalo katika kazi ile si aibu bali ni utaratibu, lakini nataka kina mama mlio hapa msikie hesabu nyingine. Kuanzia Oktoba 1989 hadi Novemba 2016, misimu ishirini na saba, warushaji kumi na tisa walipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyetolewa uwanjani kwa machela. Alizijua siku hizo za bila machela kwa idadi, na kadiri idadi ilivyokua ndivyo hofu yake ilivyokua, akawa hali chakula Ijumaa, akawa anatapika Jumamosi asubuhi, akaoga, akavaa tai, akapanda juu.

Mwanawe Tavares alipofika umri wa kucheza, Lucious alimnunulia tromboni. Alimpeleka kwa mwalimu wa bendi, akamsifia hata alipopuliza kama ng'ombe mgonjwa, akamwambia kwamba watu huja uwanjani kwa ajili ya bendi, mpira ni wa kupitisha muda tu, lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, na mwaka 2014 Tavares akajiunga na Chuo cha Hollis Grove, kule kule baba yake alikokuwa mratibu, akawa mrushaji namba moja wa timu. Ozella alimwambia mumewe mezani, mimi nikiwepo, mboga za majani zikipoa, "Wale wengine ulikuwa unawarudisha kwa mama zao. Huyu utamrudisha kwangu." Lucious aliinuka akaenda kuchora mbinu.

Jumamosi tarehe 12 Novemba 2016 Hollis Grove walicheza fainali, wakiwa nyuma kwa alama nne, dakika mbili zimebaki, jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira. Ndugu yangu aliita mbinu fupi, yenye mlango, na Kocha Mkuu Garland Stokes, ambaye yupo hapa leo na amenipa ruhusa ya kulisema hili, akamkatalia kwenye hedfoni, "Acha woga wako, Pettway, leo tunarusha mbali," na uwanja mzima ulikuwa ukiimba neno hilo hilo, watu elfu kumi na mbili, nami shangazi wa mtoto nilikuwa nimesimama juu ya benchi, nikiimba kuliko wote. Mungu anisamehe. Lucious akaita mbinu ya kurusha mbali.

Tavares alisimama akangoja, wakampiga wawili kwa pamoja, mmoja juu na mmoja chini, mpira ukaanguka kando, na mtoto akalala bila kutikisika, nami wimbo ukanikauka mdomoni. Kule juu sauti ikaja, "Pettway, kijana wa pili anaingia, nipe mbinu," ni sauti nyingine lakini maneno ni yale yale ya 1989, na safari hii Lucious alivua hedfoni, akaiweka mezani, akatoka.

Lifti ya uwanja ule ilikuwa na mhudumu wake, Bi Maxine Fulgham, naye akamwuliza, "Kocha, umesahau nini huko chini?" akajibu, "Mwanangu, mama. Nishushe." Ilikuwa lifti ya ghorofa nne, isiyo na dirisha, ya polepole, na ghorofa ya pili ilisimama akaingia bwana mmoja wa suti na sinia la mabawa ya kuku, akamtazama, akasema, "Kocha, mbona uko humu? Nani anaita mbinu?" Hapo ndipo wote watatu waliposikia, kupitia ukutani, kelele kubwa ya watu. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote, pamoja na radi na mto na Alvis, hakuna kitu kilichomtisha kama kelele ile, kwa sababu hakujua kama watu wanashangilia mwanawe ameinuka au wanashangilia mchezo umeanza bila yeye, na lifti ilikuwa ikishuka, na alitamani isifike.

Walikuwa wakishangilia kidole gumba. Tavares alikuwa juu ya machela, shingo imefungwa, ameinua kidole gumba kama vijana wanavyofanya kuwatoa watu wasiwasi, lakini baba yake alipomwinamia akamnong'oneza, "Baba, hapakuwa na mlango," na Lucious akasema, "Najua, baba. Nilijua nilipoiita." Mtoto alifungwa shingo kwa wiki kumi na moja, akapona, anatembea, ninyi nyote mmemwona akibeba jeneza.

Kijana wa pili aliachwa uwanjani bila mbinu, timu ikashindwa, na Jumatatu tarehe 14 Novemba 2016 chuo kikamwandikia barua ya kumwachisha kazi kwa kukimbia kituo chake mchezo ukiendelea. Hakuna chuo kilichomwita tena. Hata kinyozi alipomwona alimwuliza, "Kocha, leo umekuja kwa ngazi au kwa lifti?" naye akacheka na wenzake, akalipa, akaenda nyumbani, akarudi kufundisha hisabati katika sekondari aliyosoma mpaka alipostaafu tarehe 31 Mei 2021.

Machi 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka na nguvu zake zimepungua, akalazwa mara tano, na sitawadanganya kwa kusema kwamba alikikabili kifo kishujaa kama wanavyoandika kwenye magazeti. Aliogopa. Alinishika mkono, akaniuliza, "Dada, wewe ndiye mkubwa, hivi kunauma?" nikamwambia sijui, mdogo wangu, sijawahi, akacheka kidogo mpaka mashine ikapiga kelele. Alifariki Jumanne tarehe 27 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watatu na mimi.

Wahenga waliona mbali waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na kweli katika nyumba kumi na tisa za watu, kwa miaka yote ile, kulikuwa na kicheko chakula cha Jumapili kikiliwa. Kilio kimekuja kwetu leo kwa njia ya kawaida, baada ya miaka mingi, kama inavyotakiwa.

Familia inamshukuru Daktari Oakes na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa Latrelle, aliyeacha taa ikiwaka alipoombwa, inawashukuru majirani waliotuletea samaki na viazi vitamu hata friji ikagoma kufunga, walimu wenzake wa hisabati, Bi Maxine Fulgham, ambaye siku ile alihatarisha kibarua chake kwa kumshusha, Kocha Stokes kwa kuja, na makocha wote waliokubali tumzike leo Alhamisi, kwa kuwa msimu umeanza na Jumamosi si siku yao, ni ya mchezo.

Nina jambo moja la mwisho, nalo halikuwemo katika karatasi ya familia. Tavares ameajiriwa Chuo cha Dunmore kuwa mratibu wa mashambulizi, na keshokutwa, kwa mara ya kwanza, atapanda chumba cha juu. Ana mrushaji wa miaka kumi na tisa, mtoto wa mama fulani ambaye simjui. Tangu juzi nawasikia watu wakimpa mkono na kumwombea ujasiri, nami nashukuru kwa nia yao njema, ila mimi shangazi yake, niliyesimama juu ya benchi nikaimba, namwombea woga. Ee Mungu, mtie woga mtoto huyu, mwingi, usimpunguzie.

Nawe Lucious, mdogo wangu, pumzika kwa amani, zamu ya kuogopa sasa ni yetu.