Siku Niliyoshuka Kitandani Kabla ya Kupasuliwa

Ndugu zangu, mimi ndiye yule anayeketi nyuma karibu na dirisha na kuondoka mapema. Leo mwenyekiti wa kikundi chetu cha wagonjwa amenikamata, kwa hivyo mnivumilie kidogo.

Mimi ni mwalimu. Tangu utotoni kule Sagalla, viganja vyangu vilitoka jasho la kudondoka, hata asubuhi ya baridi. Nilipoanza kufundisha hapa Voi, chaki iligeuka uji mkononi. Nilipoenda kuposa, baba mkwe alinipa mkono, kisha akajipangusa kwenye suruali yake mbele ya watu. Nilicheka pamoja nao, lakini nilitamani ardhi inimeze.

Basi nikasikia kuna upasuaji. Wanapitia kwapani, wanakata neva ndogo iliyo kifuani, ile inayoamrisha mikono itoe jasho. Na nisimsingizie mtu: daktari aliniambia jasho linaweza kuhamia kwingine. Nilimsikia, ila sikumsikiliza. Fomu ya kukubali upasuaji niliitia sahihi bila kuisoma.

Nilipozinduka, viganja vilikuwa vikavu kabisa. Nililia kwa furaha. Wiki nzima nilisalimia watu hata nisiowajua.

Halafu jasho likaanza mgongoni. Likashuka tumboni, likafika mapajani. Na joto la Voi mnalijua! Kufika saa nne asubuhi, shati unaweza kulikamua. Nilibeba mashati matatu kwenye mfuko, na nikiinuka kitini naacha alama. Niliacha kwaya. Nikaanza kuomba ruhusa za ugonjwa, mwishowe nikawa sitoki nyumbani kabisa. Nawaambia, kuna siku nilitamani mikono yangu ya zamani.

Daktari mwingine, huko Nairobi, akanieleza kwamba kuna njia ya kujaribu kurekebisha: wanatoa kipande cha neva mguuni, wanaunganisha pale palipokatwa. Mimi nilishika neno "kurekebisha". Hilo la "kujaribu" lilinipita.

Siku ikafika. Nimelazwa, nimevaa gauni la hospitali, muuguzi akaleta fomu. Nikachukua kalamu. Mke wangu akanishika mkono.

"Mwalimu, ile ya kwanza uliisoma?"

"Sikuisoma."

"Basi hii isome. Soma kwa sauti, na mimi nisikie."

Nikasoma. Nilipofika katikati, nikakutana na lile neno "kujaribu", nikaweka kalamu chini. Nikaomba daktari aitwe.

"Daktari, mgongo utakauka?"

"Sijui," akasema. "Wengine wamepata nafuu, wengine hawakuona tofauti. Nikikuahidi, nitakuwa nakudanganya."

"Na mguu?"

"Sehemu yake inaweza kubaki na ganzi."

"Na mikono?"

"Inaweza kuanza tena kutoka jasho."

"Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Akavuta kiti, akaketi. "Kwanza ningejiuliza kama nimejaribu yale mengine yote. Wewe umejaribu nini?"

Ndugu zangu, nikamwambia ukweli. Kwa miaka miwili kitu pekee nilichojaribu ni kujificha.

Nikashuka kitandani. Nilidhani daktari atakasirika. Alichukua kalamu, akaniandikia vidonge vya kupunguza jasho. Vinakausha mdomo, ndiyo maana mnaniona na chupa hii ya maji. Vimepunguza, havijamaliza.

Tuliporudi Voi nilimweleza mwalimu mkuu kila kitu. Alinipangia vipindi vya asubuhi, na nafasi ilipopatikana Wusi, kule milimani, yeye mwenyewe akaniandikia barua ya uhamisho. Kule juu kuna baridi. Shati moja sasa linanifikisha saa nane.

Siku ya kwanza Wusi, nililiambia darasa: "Mkiona mgongo wangu umelowa, siumwi na siogopi. Ni neva." Wakaniuliza maswali mawili matatu. Kisha msichana mmoja akasema, "Mwalimu, tuendelee na desimali." Tukaendelea. Kitu nilichokiogopa miaka yote kiliisha kwa dakika tano.

Je, nitarudi kupasuliwa? Sijui. Bado nina mashaka, na zipo siku joto linanishinda hadi natamani kujaribu. Sijafunga mlango. Lakini nikienda, nitaenda nikijua ninachokiendea.

Namshukuru mke wangu, aliyepeleka barua zangu za ruhusa shuleni bila hata siku moja kunidharau. Namshukuru yule daktari aliyekubali kusema "sijui". Namshukuru mwalimu mkuu. Na ninyi pia, mlionisubiri mwaka mzima bila kunilazimisha kuongea.

Nililojifunza ni hili: mashaka si ukosefu wa imani wala si woga. Ukiwa nayo, yaseme mbele ya daktari, ukiwa bado na nafasi ya kuchagua. Aliye mzuri hatachukia.

Nimemaliza, na leo sitoki mapema. Mwenye swali aniulize, hata kama ni la aibu. Maswali ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa na hamu ya kuulizwa.