Samaki wa Jumamosi

Colette alikuwa ameketi nyuma ya wanaume wawili waliojuana humo humo ndani ya taxi, basi dogo la abiria lililotoka mtaa wa Sydenham. Blaise, Mkongomani kama Colette, alibana ufito wa kuvulia katikati ya magoti. Zephaniah, Mkenya, alisema anasomea samaki chuoni.

"Unaenda lile ziwa dogo la kaskazini?" Zephaniah akauliza. "Bro, utapoteza Jumamosi yako bure. Tulitupa nyavu pale juzi. Tilapia wako, lakini ni wadogo kama kidole. Wakubwa waliisha na ukame."

"Eish, wakubwa iko, mon frère, ndugu yangu!" Blaise akabisha. " Wanajificha ndani ya matete. Nyavu yenu haifike kule."

Colette akahisi kiti kinamchoma. Mumewe, Anaclet, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda ziwa hilo hilo, kama kila Jumamosi, na jioni angerudi na tilapia wanene waliokwisha kusafishwa. Kwa mara ya kwanza alijiuliza ni nani huwasafisha. Akaanza kumwandikia ujumbe, akaufuta. Moyoni alimwombea Blaise ashinde ubishi.

Mwishowe akashindwa kuvumilia, akamwinamia Blaise. "Pardon, papa. Wewe mwenyewe ulishapata mukubwa kule?"

"Nilipata, mama. Mwaka huu huu."

"Mukubwa namna gani?"

Blaise akatanua mikono kama anayepima mto wa kulalia. Zephaniah akaikazia macho mikono hiyo. Mikono ikaanza kukaribiana.

"After robot!" abiria mmoja akaita, akitaka kushushwa baada ya taa za barabarani. Taxi ikasimama, na Blaise akauchukua ufito wake akashuka, kabla mikono haijapata kutulia.