Salamu kwa Mzee Bonaventura

Jumatano tarehe 6 Mei 2015, saa nne na dakika kumi asubuhi, mama alinikuta sebuleni na simu mkononi, akaniagiza niwatafute mtandaoni watu wanne aliofanya nao kazi zamani, na hofu nitakayoieleza leo mbele yenu ilianza hapo, lakini kwanza nifuate utaratibu.

Marehemu Rozalia Bukuru alizaliwa Mwandiga tarehe 3 Septemba 1954, mtoto wa pili wa Mzee Pastory Bukuru, akasoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, akahitimu ualimu Desemba 1973, akafundisha hapa Buzebazeba kwa miaka arobaini, hadi alipostaafu Septemba 2014. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Vedasto Ruhigila, karani wa bandarini, aliyetutangulia mwaka 2004, wakajaliwa watoto watatu, Eliudi, Davis na mimi Joanitha ninayesoma.

Kuanzia tarehe 4 Novemba 1996 hadi 29 Agosti 1997 mama aliazimwa kutoka shuleni, akawa mkalimani katika kituo cha kupokea wakimbizi waliovuka ziwa, kwa kuwa Kiha chake na Kirundi chao vilisikilizana, na katika hema lao walikuwa watano, yeye, Gervasi, Catherine, Feliksi na Bonaventura wa Mwamgongo. Wakimbizi walipofurika tena mwaka 2015, shirika lililoendesha kituo kile lilimwomba arudi na wenzake, ndiyo sababu ya kutafutwa kwao.

Gervasi nilimkuta kwenye ukurasa wa parokia, amefariki 2009, Catherine kwenye ukurasa wa mwanawe, amefariki 2012, na Feliksi katika kundi la waliosoma naye, picha yake imezungushiwa maua, Novemba 2014. Mama alisema, "Joa, hema linaisha. Kama Bona naye hayupo, basi zamu ni yangu." Hakula siku mbili, akatenga kitenge cha kuzikiwa. Tarehe 8 Mei nilimpata Bonaventura, alifariki 11 Februari 2013, nami nikamwambia mama kwamba ni mzima, yuko kwao Mwamgongo, ila simu kule zinasumbua.

Mama aliinuka, akaoga, akala, Jumatatu akaenda kazini. Lakini kila Alhamisi alimtumia Bonaventura salamu kwa boti za Kibirizi ziendazo Mwamgongo, nami nilitangulia mbio kumsihi nahodha Hamdani azipokee tu asiseme kitu, naye hakuacha kunitania, "We msomi, huko chuo kikuu mlifundishwa kufufua watu?" Kwa miezi kumi na minne nilimwogopa kila abiria aliyeshuka kutoka Mwamgongo.

Machi 2016 mama alianza kusumbuliwa na moyo, miguu ikavimba, akalazwa tarehe 9 Julai, na akiwa kitandani aliniagiza, "Siku yangu ikifika, habari za hemani asome Bona. Wewe ulikuwa mtoto, utakosea." Nilimjibu, "Sawa, mama." Alifariki Jumapili tarehe 17 Julai 2016, saa tisa na dakika ishirini alasiri, akiamini kwamba Bonaventura atakuja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zote nane, majirani wa Buzebazeba mliolala hapa nasi, walimu wenzake, na wakalimani vijana aliowafundisha kazi mwaka huu wa mwisho.

Mnaouliza kwa nini Mzee Bonaventura hasomi, sasa mmejua, na mama hakujua, na kosa ni langu.

Jana asubuhi, saa moja kamili, nilipanda boti ya Hamdani, nikamkuta mjane wa Bonaventura, Mama Asnath, akianika dagaa, nikapiga magoti nikamweleza yote, kwamba nilimfanya mumewe kuwa hai bila ruhusa yake. Nilitegemea anifukuze. Alisema, "Ungeniambia, mwanangu. Salamu ningezijibu mimi." Nilimsaidia kumaliza dagaa zake, nikambebea mkoba, tukapanda boti kurudi, na ndiye huyu aliyekaa karibu na jeneza. Mama, salamu zako niliyezizuia ni mimi, jana nilizifikisha. Sasa pumzika.