Mteremko, Aliyetaka Kuzikwa Bondeni

Marehemu hakutaka kuzikwa hapa tunapomzika leo. Familia imeona lisemwe mwanzo kabisa, maana wengi mnalijua na mmekuwa mkinong'ona tangu juzi. Alitaka kulala bondeni, kando ya mama yake. Makaburi ya bondeni yako chini ya maji, na maji hayo ndiyo habari kubwa ya maisha yake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumba ya tatu kutoka kijitoni, mtoto wa pili wa mama aliyewalea yeye na dada yake kwa kufua nguo za watu. Mama alifulia kijitoni, naye alijifunza kutembea akishikilia ukingo wa beseni. Kabla hajaanza shule, mgodi wa makaa ya mawe ulifunguliwa na kijito kikahamishiwa kwenye mfereji wa zege huko mlimani. Mama akaanza kupanga foleni ya bomba, na alinung'unikia foleni hiyo mpaka anaingia kaburini mwaka 1989.

Alianza shule ya msingi ya mgodi mwaka 1958, kisha akapata miaka miwili ya ufundi, ambako alifaulu hesabu na kuanguka karibu kila somo lingine. Mwaka 1970 aliajiriwa mgodini, kitengo cha pampu. Kazi yao ilikuwa kuyatoa maji chini ili wenzao wachimbe pakavu. Kazi ilimwingia kichwani. Hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kuuliza maji ya bafuni yanateremkia wapi, na ndipo wenzake walipompachika jina la Mteremko.

Tarehe 22 Agosti 1976 alimuoa mshonaji wa sare za wachimbaji. Wageni wakisubiri chakula, bwana harusi alionekana amechuchumaa na suti yake, anamimina glasi ya maji chini aone yanaelekea wapi. Akaagiza shangazi za bibi harusi wahamishwe viti, mvua isije ikawalowesha miguu. Mvua haikunyesha. Shangazi wale walimsema mpaka mjukuu wa kwanza alipozaliwa.

Mgodi ulifungwa mwaka 1998. Ukaja mradi wa kurudisha ardhi: kusawazisha vilima vya kifusi, kuvifunika udongo, kupanda nyasi na kutengeneza upya njia za maji. Yeye akawa msimamizi wa mifereji. Mhandisi wa mradi alishauri kijito kiachwe kwenye zege, kwa kuwa chini ya bonde kuna mahandaki na ardhi inaweza kutitia. Mteremko akasimama mkutanini.

"Kijito kina kwao," alisema. "Mama yangu amekingoja mpaka amekufa. Kirudisheni."

Ukumbi mzima ulipiga makofi, wengi wenu mkiwemo. Mhandisi akakubali shingo upande.

Kijito kilirudi bondeni mwaka 2001, na kwa msimu mmoja watoto waliogelea. Kisha ardhi ikatitia. Haikutitia sana, kiasi cha kimo cha mtoto, lakini ilikuwa palepale kwenye makaburi na mashamba ya chini. Maji yakasimama, yakawa mekundu kwa kutu, na mahindi yakanyauka yakiwa yamesimama majini. Mashamba yale hayajalimwa tena.

Alichimba mifereji ya kuyatoa, na kila masika tope la vilima liliifukia. Akaomba pampu. Ilikuja, ikafanya kazi, ikaharibika, na halmashauri ikasema haina fungu. Mkewe alimwambia aache sasa, kwani si yeye aliyechimba mahandaki. Alijibu kwa upole kwamba kweli si yeye, ila aliyesimama mkutanini ni yeye. Hakuna aliyewahi kumlaumu usoni, na jambo hilo lilimuumiza kuliko matusi.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2017, kwa vumbi la miaka ile ya mgodini. Daktari alimkataza kusimama majini. Alipokea dawa, akaendelea kusimama majini. Hatimaye miguu ikakataa. Kila jioni binti yake wa mwisho, ambaye ni mwalimu, alipita bondeni akitoka kazini, na baba alimuuliza kama maji yamepungua kaburini kwa bibi. Ndugu walimshauri binti amdanganye mgonjwa apate usingizi. Hakuweza.

"Bado, baba."

"Basi nitasubiri."

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 6 Juni 2023, asubuhi, maji yakiwa palepale.

Mahali hapa tulipopewa ni juu ya kifusi kilichosawazishwa. Wachimbaji wa kaburi walikuta weusi wa makaa kabla kina hakijafika kiunoni, na mmeuona huo weusi hapo pembeni. Alituomba tusimrudishe kwenye makaa. Tumemrudisha, kwa kuwa pakavu ni hapa tu, na tunaona uchungu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mkubwa. Dada huyo naye alikuwa ameomba kuzikwa bondeni, kwa mama. Jana amebadilisha ombi lake: nafasi iliyo kando ya kaburi hili iachwe wazi, ili mdogo wake asilale peke yake.

Mungu ampe amani mahali ambapo hakupachagua.